Pa-pa-pa ya Jeshi, Ba-ba-ba ya Wakubwa

Haya, watu wangu, karibieni. Wewe unayesoma gazeti la jirani kupitia bega lake, sogea pia, leo hakuna kiingilio. Yule mzee wetu wa huku Silibwet, yule wa kusimama katikati ya chai na kidole juu kama antena, ametuacha. Alikunywa mursik yake, maziwa lala ya kibuyu, Jumapili, akalala, na asubuhi bibi yake akamwita mara tatu bila kuitikiwa. Huyo mama anasema hapo bado hakushtuka, maana huyo mzee kuitwa mara tatu ilikuwa kawaida yake. Alishtuka wakati helikopta ya jeshi ilipita juu ya nyumba na mzee hakutoka nje. Hapo ndipo alishika kichwa akapiga nduru, na majirani wakakuja mbio.

Mimi nilifika hapo kabla ya saa nne, kwa sababu mtu akikufa huku kwetu chai inawekwa jikoni haraka sana. Nilipata mama amekaa kwa ile stuli ndogo ya kukamulia ng'ombe. Nikampa pole. Akaniambia, "Mimi sitaki mambo mingi. Nataka mzee wangu azikwe Jumamosi saa sita, kabla mvua. Kaburi ikijaa maji, nitamweka kwa dimbwi kama chura?" Nikamwambia hilo si jambo kubwa. Nyinyi wa mbali hamjui mvua yetu. Mvua ya saa nane huku inashika saa kuliko pastor, na ikianza, inanyesha kama iko na hasira ya mtu. Basi mshike hapo: mama hakuomba jeneza ya vioo wala kwaya tatu. Aliomba udongo mkavu, basi.

Sasa niwaambie alikuwa mtu wa aina gani. Huyo mzee hakuwa anaangalia kila kitu inaruka. Ndege ya abiria ikipita alikuwa anaitemea mate. Zile helikopta mpya za kung'aa, za wakubwa, alikuwa anaziita nzi wa choo. Yeye alikuwa na moja tu kwa roho yake: zile za jeshi za zamani, za kijani ya matope, pua mviringo, mlango wazi, zile zinatembea angani kama ng'ombe mzee anaenda kunywa maji na hataki kusukumwa. Hiyo ikija, alikuwa anaweka kikapu chini, anavua kofia, anasimama wima mpaka ipotee. Na alikuwa anaisikia ikiwa bado Sigowet, mbali huko! Nasema Sigowet, na nimepunguza. Siku zingine alikuwa anaisikia rubani akiwa bado anatafuta viatu.

Hii ugonjwa ilimshika akiwa kijana, mchuna chai kwa shamba kubwa. Mvua ya mawe ilinyesha, helikopta ya jeshi ikaona haiwezi, ikatua katikati ya chai. Askari wakatoka kwenda kutafuta simu, wakamwambia, "Wewe, chunga hii, ng'ombe wasije kulamba." Akachunga. Mara ya kwanza akinipa hiyo hadithi alichunga masaa mawili. Mwaka uliofuata ilikuwa siku mzima. Mwaka huu, kabla afe, alikuwa amechunga siku tatu bila kula, amefukuza chui, na rubani alikuwa amemwomba aipeleke kidogo. Lakini kuna kitu moja haikubadilika kwa hiyo hadithi hata siku moja: nyapara alimfuta kazi jioni hiyo kwa sababu kikapu ilikuwa tupu. Alitumikia nchi yake mara moja tu na nchi ikamlipa namna hiyo. Alikuwa anasema hivyo akicheka, na mimi nilikuwa nacheka pia, na sasa sijui tulikuwa tunacheka nini.

Masikio yake alitaka kutuachia. Kila jioni kwa kituo cha chai, tukingoja lori la majani, alikuwa anatufundisha. Shida ni mdomo. Nyinyi mnajua sisi huku P na B ni mapacha, mama yao mwenyewe anawachanganya. Mtu anaita bibi yake pipi, na yule mama anafurahi anaona ni mapenzi. Sasa mzee anasimama mbele yetu kama profesa. "Sikizeni vizuri. Ile ya jeshi ya zamani inasema pa-pa-pa. Hizi za wakubwa zinasema pa-pa-pa."

"Mzee, si hiyo ni moja?"

"Moja namna gani! Hii nimesema pa-pa-pa. Na hii ingine nimesema pa-pa-pa! Uko na nta kwa masikio?"

Tulisoma hiyo somo miaka kumi na tukafeli wote. Yeye kichwani alikuwa anasikia ya jeshi ikiwa P nzito, na nafasi katikati, kama mtu anapasua kuni bila haraka. Ya wakubwa ilikuwa B, zimeshikana, kama tumbo la mtu ameshiba. Lakini zikishafika kwa ulimi, zinatoka zimevaa nguo moja.

Siku moja mwalimu wa chuo kutoka Kabianga alikuja kutembea, na simu ya kuonyesha ndege zote za dunia. Kweli ilionyesha. Hii inaenda Dubai, hii inatoka Kisumu, tukashangaa. Mzee akainua kidole. "Iko moja inakuja." Mwalimu akaangalia simu. "Hakuna kitu, mzee. Anga ni tupu." Mzee akavua kofia. Mwalimu akageuza simu, akaipiga kofi kidogo, akasema tena hakuna. Kabla amalize, kitu ya kijani ikatokea juu ya mikaratusi, pole pole, mpaka majani ya chai yakalala. Ikapita. Mzee akarudisha kofia kichwani akamwambia, "Hiyo simu imesoma mpaka chuo, na haijafundishwa kusikia?" Kumbe ndege za jeshi hazitangazi safari yao kwa simu ya kila mtu. Mwalimu alienda bila kumaliza chai, na kuacha chai huku kwetu ni kama kuacha viatu.

Tulimcheka huyo mzee, nisiwadanganye. Tulimwita Rada. Lakini nimekaa na hii maneno nikaona yeye ndiye alikuwa na akili. Zamani tulichuna chai na mikono na masikio yalikuwa huru. Ulikuwa unasikia ndege wakiimba, unasikia mtoto analia ng'ambo ya mto, unasikia jirani akigombana na bibi yake, na jioni unaenda kuwasuluhisha. Siku hizi mashine ya kuchuna inanguruma mashamba makubwa yote. Imekula kazi ya watu ishirini na masikio ya wale walibaki. Na sisi wengine tumebaki na sauti moja tu ya kuamka nayo: mkubwa anakuja. Mkubwa akija kwa miguu hakuna mtu anamjua. Akija kwa gari tunauliza ni gari gani. Akishuka kutoka juu, hata kama hajawahi kutuletea kijiko ya murram ya barabara, wazee wanatupa fimbo wakikimbia. Mtu anaweza kuwa mwizi wa mchana, lakini akitua na upepo umwage mboga zetu, tunamshukuru kwa upepo.

Basi Jumamosi ikafika. Saa sita kila kitu ilikuwa tayari. Kaburi safi, kavu, udongo mwekundu kama maharagwe. Pastor amefungua kitabu. Mara emsii wa kuongoza matanga, kijana wa kamati, tai yake inang'aa kuliko jeneza, akapata simu. Akarudi kwa maiki akiwa amebadilika uso. "Wapendwa, tuvumilie kidogo. Mheshimiwa ako njiani. Anakuja na helikopta." Makofi. Makofi kwa matanga, watu wangu! Huyo mheshimiwa hakumjua mzee. Nafikiri hata hakujua kama anakuja kuzika mwanamume ama mwanamke.

Saa saba. Saa saba na nusu. Mawingu yakatoka upande wa msitu yakiwa meusi kama sufuria ya shule. Mama akasimama. "Vijana, teremsheni mzee."

Emsii akamkalisha na mkono. "Tulia, mama. Kuna protokali."

"Hiyo protokali iko na mwavuli?"

"Dakika tano tu, mama."

Mama akakaa. Nilimwona anaangalia shimo, halafu mawingu, halafu shimo.

Hapo ndipo sauti ikaanza, ndani ya mawingu, mbali. Hakuna kuona kitu. Mmoja akasema, "Ni ya mheshimiwa, sikia, pa-pa-pa!" Mwingine akasema, "Wacha ujinga, hiyo ni ya jeshi, sikia, pa-pa-pa!" Wakaanza kusukumana. "Nimesema pa-pa-pa!" "Na mimi nimesema nini?" Mpaka mtu akanyamaza, na mwingine akanyamaza, na nikaona macho ya matanga mzima yanageuka pole pole kuangalia jeneza. Miaka kumi tulimcheka, na siku ya kwanza tunamhitaji tumempigia misumari.

Emsii hakungoja. "Ni yeye! Twende uwanja wa shule!" Weee! Watu waliondoka kama nyuki wamemwagiwa moshi. Kwaya ilikimbia ikiimba. Wanaume wanne walibeba ile sofa ya kanisa, ati mheshimiwa asikalie kiti ya plastiki. Mzee mmoja ambaye amelemaa miaka saba alinipita. Mimi nilibaki kwa sababu kiatu yangu ilikuwa imefunguka mdomo, sitajifanya mtakatifu. Tulibaki pastor, mama, mashemeji wake wawili, vijana wanne wa majembe, na mimi.

Mama akasema, "Pastor, omba fupi."

Pastor aliomba fupi kuliko ile ya chakula. Tukateremsha. Udongo ukaingia mkavu, ukilia juu ya mbao, na vijana wakasukuma kama wanafukuzwa. Ile sauti ikapita juu yetu, nzito, na nafasi katikati, kama mtu anapasua kuni bila haraka, ikaelekea magharibi bila kuzunguka hata mara moja. Nikavua kofia. Sijui kwa nini. Tone la kwanza la mvua lilianguka wakati jembe la mwisho limeshapigapiga kilima.

Halafu ndio wakarudi, watu mia tano, wameloa mpaka nyimbo, sofa imejaa maji kama josho la ng'ombe. Emsii alikuwa mbele, tai imekuwa kamba. Akaona kilima. Akashika kichwa.

"Mama! Mmemaliza kuzika? Na mheshimiwa amepiga simu sasa hivi ati bado anakuja! Sasa akifika tutamweka wapi?"

Mama alikuwa amepiga magoti anasawazisha udongo na mkono. Hakuinua hata kichwa.

"Hapa kando ya mzee bado kuna nafasi."