Tyubu Mbili za Nyawal

Nyawal husuka nywele katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na foleni mlangoni kwake huwa ndefu, maana hakuna anayekaa mikononi mwake bila kucheka. Mwaka jana dawa za kulainisha nywele zilimchubua hadi vidole vikapasuka, na kando ya jicho akatokwa na vipele vya kuwasha.

Kliniki walimpa tyubu ya haidrokotisoni, dawa ya kupaka. Jicho likapona kwa siku nne, ila mikono ilibaki vilevile. Rafiki yake Adut akamgawia tyubu ya betamethasoni, na baada ya wiki moja vidole vikafunga.

"Kumbe dawa ni hii!" Nyawal akasema. Harusi ya dada yake ilikuwa inakaribia, naye alitaka uso wa kung'aa. Akaanza kupaka ile ya Adut mashavuni, asubuhi na jioni. Mwanzoni uso ulilainika. Kisha ukaanza kumchoma juani, na chunusi zikatapakaa.

Akabeba tyubu zote mbili hadi duka la dawa la Ekai, Mturkana wa kutoka Lodwar.

"Ejok, daktari," akamsalimu kwa Kiturkana. "Hii imeharibu uso yangu, na hii ingine haina nguvu. Nitumie gani?"

Ekai alimtazama uso, kisha vidole. "Zote mbili, mama, lakini si mahali pamoja. Ngozi ya kiganja ni nene kama akala za tairi. Haidrokotisoni ni pole, inabisha hodi tu hapo. Ya uso ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Hii betamethasoni ni kali, inaingia yote, inakula ngozi."

Akamwambia aache kabisa kupaka ile kali usoni; vipele vya jicho vikirudi, atumie ile ya pole. Mikono ikiwasha tena, apake ile kali, kiasi kidogo tu, isizidi wiki mbili. Na avae glavu.

"Glavu? Na kusuka je?"

"Kusuka, vua. Kwa dawa za nywele na kuosha, vaa."

Siku ya harusi chunusi zilikuwa bado zimejaa. Nyawal alitaka kujifunika shela usoni, lakini dada yake akaivuta.

"Nani atakuangalia wewe? Bibi harusi ni mimi!"

Nyawal alicheka hadi machozi yakamtoka, akaingia kucheza, akawa wa mwisho kuketi. Mwezi uliofuata uso ulitulia. Mikono nayo iko salama, na sasa wateja humtania kwamba anawaosha nywele kama daktari wa upasuaji.