Gurudumu Chini ya Remoroki

Hadi leo, nikisikia harufu ya mpira mpya mbele ya duka la pneu, yaani matairi, navuka njia.

Papa alikuwa amelala chali chini ya remoroki, lile tela la kuvutwa na jeep, uani kwetu Vulamba. Mama alikuwa amesimama, gurudumu la akiba limemwegemea mguuni. Kesho yake papa angevuta viazi vya Masereka kwa jeep mpaka Beni.

"Tutie ku nyuma," papa alisema. "Pneu ikipasuka mu pori, naibadirisha mbio."

"Ku nyuma basoda bataiona," mama akajibu, akiogopa askari wa vizuizi vya njiani. "Ku barrière ya kwanza tu batabeba. Uifunge chini."

"Lakini, pneu ikiisha upepo, remoroki inalala! Nitaingia chini namna gani bila kushusha magunia yote?"

Wakanuniana. Mwishowe papa akanigeukia mimi, binti yake, akicheka. "Na wewe, mama yangu, unasema aje?"

Nilikuwa nimemkasirikia kwa kukataa kunichukua safari ile.

"Chini," nikasema.

Akalifunga chini kwa buloni nne, bolti nene za chuma.

Siku ya tatu baada ya papa kuondoka, jirani aliivuta remoroki mpaka kwetu, pneu moja iliyotoboka ameiziba. Aliikuta njiani, upande mmoja umeinuliwa kwa jeki, magunia yamepangwa vizuri kando. Jeep haikuwepo, papa hakuwepo. Gurudumu lilikuwa bado chini, limeshikwa na buloni moja.

Mama hakunitazama. Alichukua ufunguo wa buloni, akaifungua ile moja, akaniambia nimshikie gurudumu. Tukalifunga nyuma, pale papa alipotaka.

Papa hakurudi, na remoroki ile haikutoka uani tena.