Miguu ya Korongo

Tangu siku helikopta aliyopanda mumewe ilipogonga mlima katika ukungu, Mwajuma hakutoa hata chozi moja, na wanawake wa mtaani Muyinga, ambao midomo yao haina likizo, walishaanza kunong'ona. Waacheni. Wangejua moyo unavyoweza kufa ganzi, wangefunga vinywa vyao. Chai ilitoka jikoni inafoka moshi, yeye anakunywa tu, haisikii. Sindano ilimchoma, akaitazama damu kama vile ni ya mtu mwingine.

Alikuwa kwenye eda, nyumbani kwa mama mkwe wake, Bi Nuru. Kwao yeye na mumewe Husni kulikuwa Gitega, chumba na sebule vya kupanga karibu na soko. Mke anadarizi vitambaa vya makochi, mume fundi wa helikopta jeshini. Mjane wa Kiislamu hakai na wanaume wa nje mpaka eda iishe, basi Mwajuma alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, yeye na uzi wake.

Pazia hilo ndilo Liyetena Nazario alilolisalimia asubuhi ile. Alikuwa afisa rubani na rafiki wa Husni, amelelewa kambi ya wakimbizi Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wenyeji.

"Pole, shemeji. Nimetumwa, na laiti wangemtuma mtu mwingine."

"Sema tu, shemeji. Mi nasikia."

"Kikosi kinataka uwashonee beji mpya za kifuani. Korongo abaki, taji lake libaki. Ila miguu ikunjwe. Wakubwa wanasema ndege aliyeteremsha miguu anaonekana kama anaanguka, na baada ya yale yaliyotokea, nani anataka kuvaa kitu kinachoanguka?"

Bi Nuru, aliyekuwa amekaa hapo kati kama desturi inavyotaka, akajipiga paja. "Ashwi! Miguu ile ni ya mtoto wangu! Mwajuma, usikubali!"

Na kweli ilikuwa ya mtoto wake. Mwanzo kikosi kilivaa tai, amenakiliwa kutoka kwenye picha za majeshi ya nchi za watu, mdomo kama ndoana. Husni akawa anamtania kila siku: huyu mwizi wa vifaranga anatafuta nini kifuani kwetu? Mara asubuhi moja akachomoa kitambaa cha kochi pale sebuleni, wala hakumuuliza mkewe, akaenda kukitandaza mezani kwa kamanda. Juu yake Mwajuma alikuwa amedarizi korongo mwenye taji, yule Warundi wanayemwita umusambi, mbawa wazi, miguu mirefu chini, anatua kwenye majani ya bondeni. Taji la dhahabu, Husni akaeleza, ni jua linapochomoza juu ya vilima vyetu. Majani ni nyumbani, maana kila mtu ana bonde lake la kurudia. Na miguu je? "Kupaa ni mafuta tu, mon komanda. Kazi ni kutua." Kamanda akacheka, kisha akakubali. Tangu hapo hakuna askari wa kikosi kile aliyepanda helikopta bila kupitisha kidole gumba kwenye miguu ile kifuani mwake. Kitambaa chenyewe hakikurudi, na Mwajuma alinuna wee, kochi lake moja liko uchi mbele ya wageni.

Sasa Husni yuko kaburini, na ukimtoa binti yao Yasmina, alichoacha duniani ni miguu ile. Wakiifuta, wamemfuta. Mwajuma alilijua hilo kama mtu anavyojua jino limeng'olewa: ulimi unapaona mahali, lakini maumivu bado hayajafika.

"Nitashona," akasema.

"We mtoto uko mzima kweli?" Bi Nuru akafoka.

"Nikikataa, mama, watapatia mwingine. Yeye atashona vile wanataka."

Bi Nuru akamsusia. Chakula kikawa kinawekwa mlangoni bila neno. Mwajuma akashona bila hasira, mkono ukienda wenyewe: kitambaa cha buluu, korongo wa kijivu, taji la njano, miguu imekunjwa tumboni. Uzi wa buluu ndio uliokwisha kwanza, akaomba aletewe mwingine.

"Buluu ya nini, na kitambaa chenyewe ni buluu?" Bi Nuru akanung'unika, lakini akaenda sokoni.

Nazario aliporudi, Mwajuma alisukuma furushi chini ya pazia. Kupitia uwazi wa chini aliona mikono ya Nazario tu. Mikono ikatoa beji moja, ikaigeuza kwenye mwanga. Kisha kidole gumba, kwa mazoea, kikashuka chini ya tumbo la ndege, mahali palipobaki buluu tupu. Kikasimama. Kikarudi juu, kikashuka tena polepole. Buluu juu ya buluu, jicho halioni kitu, lakini pale palikuwa na miguu miwili mirefu, vidole vimefunguka juu ya majani.

"Shemeji," Nazario akanong'ona. "Ipo."

"Iko. Kwa zote."

"Wakubwa wakijua..."

"Wakubwa wanaangaliaka na macho. Nyinyi munashikaka na kidole."

Nazario, mwanajeshi mzima, akaangua kilio pale sebuleni. Bi Nuru akamnyang'anya beji, akapapasa, naye akaanza kulia, huku akimwomba mkwewe radhi kupitia pazia. Mwajuma akawasikiliza wote wawili, akawaonea wivu.

"Mutue muzuri, shemeji," akasema, macho makavu, akaanza kukunja uzi wa buluu uliobaki.