Chakula cha Shangazi

Nilikula kwa shangazi yangu, mtaa wa Cimpunda hapa Bukavu, siku ya Mungu baada ya misa: bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa kukaanga. Jioni maumivu yakanishika chini ya kifua na kupenya hadi mgongoni. Siku ya tatu mama alikuwa amekwisha kuamua kwamba ni karuho. Kwetu karuho ni sumu ya polepole ambayo mtu hukutilia kwenye chakula, na mtu huyo huwa ni wa karibu. Aliyenilisha mwisho ni shangazi, basi maneno yakaishia hapo.

Mama akanipeleka Kadutu kwa muzee mmoja anayetibu karuho, akaninywesha majani ili nitapike. Nilitapika mpaka sikuweza kusimama. Kongosho langu lilikuwa linaoza, nasi tulikuwa tunashangilia matapishi, eti sumu inatoka. Kaka yangu ndiye aliyekasirika, akanitia garini, tukavuka mto Ruzizi kuingia Rwanda, hadi Kigali.

Kule wakaniambia jiwe dogo lilitoka kwenye nyongo likaziba njia, kongosho likavimba, sehemu yake ikafa na usaha ukajaa. Hawakunipasua. Walipitisha mpira wenye kamera mdomoni hadi kwenye mfuko wa chakula, wakautoboa ukuta wake kwa ndani, wakaweka kamrija ka chuma ili usaha upate pa kutokea. Walirudi kusafisha mara nne. Nilirudi Bukavu nikiwa mifupa na suruali.

Watu hudhani mtu akitoka hospitali amepona. Mimi kupona kumenichukua miaka mitatu. Kila sahani nameza vidonge vyake, la sivyo chakula kinapita tu na mafuta yake yote. Bia hapana, vya kukaanga hapana, na kila asubuhi natoboa kidole kupima sukari. Mezani nimekuwa mtu wa kuchosha, najijua.

Na miaka hiyo yote nilinyamaza. Habari ya jiwe niliielewa tangu mwezi wa kwanza. Shangazi alikuwa anauza chakula soko la Kadutu. Wateja wakamkimbia, akaanza kuuza makaa, kwa kuwa makaa hayaliwi. Nilikuwa nampita na pikipiki yangu, namwinulia mkono. Nilijiambia kwamba mama ameshasema mbele ya watu, na kumpinga ni kumvua nguo. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Ile mbaya ni kwamba aliyenusurika karuho anaheshimiwa. Mwenye jiwe la nyongo anapewa pole tu.

Mwaka huu daktari aliniambia nisirudi tena kabla ya miezi kumi na miwili. Mama akafanya karamu ya kumshukuru Mungu, akaniomba nitoe ushuhuda. Nikasimama nikasema lilikuwa jiwe, shangazi hakunifanyia kitu, nilijua siku zote na naona haya. Kisha mama akauliza kwa upole kabisa:

"Na hilo jiwe, nani alilitia?"

Watu wakatikisa vichwa kukubali, wakarudi kwenye bia zao. Nilikasirika, nikatoka nje nikasimama karibu na choo kama mjinga.

Siku ya pili nikapanda Cimpunda. Nilimweleza shangazi yote, na kunyamaza kwangu pia. Hakulia, wala hakuniambia kwamba amenisamehe. Aliuliza tu siku hizi ninakula nini, akaingia jikoni. Akaleta bugali na samaki wa kuchemsha bila tone la mafuta, akaweka sahani moja kati yetu.

Kwetu mwenye nyumba akitaka kumtoa mgeni wasiwasi, huonja kwanza mbele yake. Shangazi akamega bugali akaonja, akaonja samaki, akaonja mchuzi, akanywa hata maji ya kwenye glasi yangu, polepole, kila kitu akikimeza ndipo anakwenda kwenye kingine. Sikuweza kuvumilia.

"Tante, usionje. Miye nakuamini."

"Haiko juu yako, baba," akasema. "Nilishazoea. Hata nikikula peke yangu, naonjaka kwanza."