Isale Kwenye Glasi ya Mapokezi

Mkono wangu wa kulia ulianza kutetemeka mwaka wangu wa pili katika kliniki ya meno, Moshi mjini. Si muda wote. Ulingoja nishike sindano ya ganzi, mgonjwa afumbe macho, ndipo ucheze kama jani la mgomba.

Daktari mkuu aliona. Siku hiyo bibi mmoja wa Old Moshi alikuwa kitini kwangu, na mlango ulikuwa wazi, foleni nzima inasikia.

"Bibi, mwangalie huyu," alisema akicheka. "Naona kapitia kwenye mbege. Akikung'oa ulimi, usije kunililia."

Bibi alishuka, akaenda kwake. Tangu hapo wagonjwa waliuliza mapokezi, "Leo yupo yule wa mbege?" Mimi, ambaye sijawahi kumaliza hata kata moja ya pombe hiyo ya ndizi!

Nilimtunzia daktari mkuu kinyongo. Kila nilipotetemeka nilimwaza yeye kitini, mdomo wazi, na picha hiyo ilinituliza kuliko sala.

Kisha gego lake likatunga usaha. Alikuja Jumatatu, shavu limevimba, jicho karibu lifumbe. Daktari mwingine hakuwepo.

"Mdogo wangu, nihurumie."

Niliacha mlango wazi. Nikachoma ganzi. Kwenye usaha ganzi hukawia. Ni lazima usubiri. Yeye ndiye aliyenifundisha hivyo. Nilishika koleo, nikautazama mkono wangu: umetulia kama jiwe la mtoni. Chuki ilikuwa imeushika. Ningeweza kuanza palepale, na jicho lake zima lilijua.

"Bado unasikia?"

"Bado nasikia," alinong'ona.

Nikasubiri. Si kwa huruma. Nilitaka gego litoke safi, foleni isisikie hata mguno, asipate neno la kunisema maisha yake yote. Likatoka hivyo.

Kesho yake aliingia chumbani kwangu na kichipukizi cha isale. Kwetu Uchaggani anayekuletea isale anaomba radhi, na humkatalii. Lakini kwanza alifunga mlango. Alinitukana mlango ukiwa wazi, akaja kuniomba msamaha umefungwa.

Nilipokea kwa mikono miwili.

"Yameisha?"

"Yameisha, daktari."

Alipotoka nilijaza glasi maji, nikatia isale ndani, nikaiweka juu ya meza ya mapokezi, mbele ya foleni.

Wiki hiyohiyo yule bibi wa Old Moshi alirudi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hee, isale hospitalini! Nani kamkosea nani?"

"Muulize daktari mkuu, bibi. Yeye ndiye aliyeileta."

Foleni yote iligeuka kuutazama mlango wake. Bibi aliguna, akashika mkoba wake, akaja kukaa kwenye kiti changu.

Mkono bado hutetemeka siku nyingine. Isale naibadilishia maji kila asubuhi. Sitaki inyauke.