Chupa ya Asali ya Roda

Juzi, pale Mwenge, nilimwona kijana akifanya ishara ya msalaba mlangoni mwa baa, kisha akaingia. Wenzangu walicheka. Mimi nilisikia harufu ya asali.

Nilipokuwa mtoto tulikaa Temeke, na babu alikuwa ametuletea asali kutoka Tabora kwa ajili ya kifua cha dada yangu Roda. Mchana mmoja Mama alipokuwa anatoka kwenda kanisani, aliniona ninavyoitazama ile chupa.

"Shetani akikujia, mwanangu, sali, kisha ondoka hapo."

"Huyu?" Roda alicheka huku akikohoa. "Atamkaribisha na kiti!"

Roda aliposinzia, nilipiga magoti mbele ya chupa. Niliamini kwamba sala ingeifunga mikono yangu kama kamba, kwa hiyo niliifungua chupa kwanza, nione itakavyofanya kazi. Nilisali Baba Yetu yote, pua ikiwa juu ya asali. Nilipofika Amina, kidole kilikuwa tayari ndani.

Mama aliporudi alikuta chupa tupu, akamwuliza Roda. Roda alinitazama, hakunitaja. Alichapwa, akawa anakohoa kati ya fimbo na fimbo. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikisali tena, nisije nikaulizwa.

Roda amekwisha kuzikwa, na sikuwahi kumwomba radhi. Kusali nimesali sana maishani, mara nyingi nikiwa nimeketi mbele ya glasi iliyojaa. Kuondoka ndiko kulikonishinda.