Ndama wa Nainokanoka walioingia mtandaoni

Saa tatu asubuhi, ukungu wa Nainokanoka bado umeukalia uwanja wa shule, na mlingoti wa bendera hauonekani. Mwalimu Hyasinta anafundisha kuhesabu. Anasema "tatu", na darasa la kwanza zima linainua mikono. Hapo ndipo hodi inapigwa.

Anayeingia hamjui. Ni kijana mwenye koti lililolowa na viatu vilivyojaa tope, aliyeteremka kwenye lori la mahindi huko barabarani na kutembea. Anamtazama mwalimu, anaitazama mikono ya watoto, kisha bila hata salamu anakunja ngumi na kuchomoza kidole gumba katikati ya kidole cha shahada na cha kati.

"Tano," watoto wanaitikia.

"Kumbe kweli," anasema mgeni. "Madam, mimi ni Leonce wa Endamarariek. Yule anayekusumbua na maswali."

Hyasinta anacheka hadi anaegemea ubao. Wamejuana mwaka mzima kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa madarasa ya chini, lakini picha ya Leonce huko ni ya trekta. Anamwambia alidhani angekuwa mnene zaidi.

Urafiki wake na walimu wa kundi hilo ulianza na kosa. Hyasinta, mwenye miaka ishirini na tisa, ni Mwiraqw wa Qurus. Muhula wake wa kwanza hapa alimuuliza binti mdogo aitwaye Nasieku, mbili ukijumlisha na tatu unapata ngapi. Nasieku akamwonyesha ngumi ileile.

"Kwetu tulipokuwa wadogo, ukimtolea mwenzako ngumi hiyo lazima mpigane," anasimulia Hyasinta. "Nikamsimamisha kwenye kona. Nikamuuliza wa pili, naye akanitolea hiyohiyo. Nikajisemea, hawa wamepanga."

Jioni alipanda kilima cha nyuma ya shule, mahali pekee ambapo simu yake inashika mtandao, akapiga picha ngumi yake mwenyewe na kuuliza kundini: hili ni tusi gani? Utani ukaanza. Mmoja alimpa pole kwa kutukanwa na darasa zima. Ndipo Saning'o, mwalimu wa Loliondo ambaye hawajaonana hadi leo, akaandika: "Dada, hilo si tusi. Kwetu Wamaasai hiyo ni tano. Mtoto amekujibu sahihi."

Asubuhi yake Nasieku aliombwa radhi mbele ya wenzake. Saning'o akaendelea kutuma picha za mikono, na Hyasinta akabadili somo lake: kwanza mkono wa nyumbani, halafu neno la Kiswahili, halafu tarakimu ubaoni. Watoto waliokuwa wakiinamia madawati wakaanza kugombania kujibu.

"Chuoni tulifundishwa kutengeneza zana za kufundishia," anasema. "Sikujua kwamba mtoto anaweza kuja nazo mkononi."

Tangu hapo amekuwa mtu wa kuuliza. Shilingi elfu mbili za bando kila wiki zinatoka kwenye mshahara wake, na anasema hazimuumi. Mwalimu wa Rukwa amemfundisha kukata kadi za namba kwenye maboksi. Leonce humpelekea mazoezi ya kusoma, naye humrudishia akiwa ameyasahihisha.

Mwezi uliopita, kwa ruhusa ya baba yake Nasieku, alimrekodi binti huyo akiwa amesimama kwenye zizi la bibi yake na kuhesabu ndama kwa vidole. Aliiweka video hiyo Facebook. Ilitazamwa na maelfu ya watu, na chini yake walimu wa mikoa mbalimbali wakaeleza jinsi watu wa kwao wanavyohesabu. Hyasinta alikuwa akiyasoma maelezo hayo hadi simu inazima.

Habari zikamfikia bibi. Jana alikuja shuleni na fimbo yake, akaongea taratibu kwa Kimaa huku Nasieku akitafsiri. Hakugombana. Alisema mifugo haihesabiwi kwa sauti mbele ya watu, kwani ni kuitakia mabaya, na ndama wake sasa wamehesabiwa na nchi nzima. Hyasinta alimwahidi kwamba leo, kabla ndama hawajaingia zizini, watakuwa wametoka kwenye simu.

Leonce hajui lolote kuhusu hayo. Amekuja na habari njema, na ametaka kuzisema kwa mdomo: orodha imetoka, na video ambayo Hyasinta aliitumia kuombea nafasi imefika hatua ya mwisho ya kutafuta walimu watakaokwenda Arusha kwa mafunzo ya kutengeneza masomo ya video. Ni mafunzo aliyoyatamani tangu amalize chuo. Wasimamizi wataifungua Ijumaa, hukohuko Facebook. Video ikishawasilishwa haibadilishwi kwa nyingine.

Leo ni Jumatano.

Watoto wakiwa nje wanakunywa uji, Hyasinta anamweleza. Leonce anamsihi.

"Siku mbili tu, madam. Bibi hana simu. Atajuaje?"

"Hatajua."

"Sasa?"

"Mimi si nitajua? Na Nasieku ndiye aliyetafsiri ahadi."

Leonce anamwambia ana kichwa kigumu kama Wairaqw wote. Hyasinta anamkumbusha kwamba yeye pia ni Mwiraqw.

Baada ya vipindi wanapanda kilimani pamoja. Njiani Hyasinta anapanga kwa sauti: atarekodi upya kwa maharage, akae kwanza na bibi na kuuliza kipi kinahesabika na kipi hakihesabiki, kisha aombe tena mwakani. Anataka siku moja mwalimu mgeni yeyote anayepangiwa huku aione mikono hiyo kabla hajamsimamisha mtoto kwenye kona.

Mtandao unashika. Anawaandikia wenzake wote kundini, akiwaomba walioihifadhi video waifute. Anayapitia maelezo ya walimu kwa mara ya mwisho, maana nayo yanaondoka, kisha anabonyeza kufuta. Leonce anatazama pembeni.

Jua linapoelekea kuzama wanapita bomani kwa bibi. Hyasinta anasalimia, "Takwenya," na bibi anaitikia, "Iko," bila kuondoa macho kwenye njia ambayo ndama wake wanaishuka. Anasema neno. Nasieku anatafsiri.

"Anauliza, na wale wengine wamerudi?"

"Mwambie wamerudi," anasema Hyasinta.